Albamu nne za pop za waimbaji wanawake: uchukue ipi?

Albamu za mkusanyiko siku hizi zina kesi ya kujibu. Mtu mwenye simu na intaneti anakaa dakika chache, anapanga nyimbo ishirini za waimbaji wanawake anaowapenda, anabonyeza na kuendelea na shughuli zake. Kwa nini basi ahangaike na albamu iliyokusanywa na mtu mwingine, tena ya miaka ya tisini?

Kwa hiyo nikilinganisha albamu za namna hii sianzi na nani ameimba ndani yake. Majina makubwa hayakosekani popote. Naanza na aliyezikusanya: amenifanyia kazi gani ambayo mimi nisingeweza kujifanyia? Nimeziweka nne mezani. Women & Songs, mfululizo wa Warner wa Canada ulioanza mwaka 1997. VH1 Divas Live, iliyotolewa na Epic mwaka 1998. Lilith Fair: A Celebration of Women in Music, ya Arista, mwaka huohuo wa 1998. Na One Kiss Can Lead to Another: Girl Group Sounds Lost & Found, kasha zima la Rhino la mwaka 2005. Zote ni za wanawake na zote zimetoka kwenye lebo za Amerika Kaskazini. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake.

Niimalize kwanza ile isiyo na maneno mengi. Women & Songs inafuata mtindo unaojulikana: chukua vibao vya wanawake vilivyotamba redioni, vilevile vilivyotoka studio, vipange kwa utulivu, toleo lijalo lipe namba inayofuata. Mwaka 1997 hilo lilikuwa jambo la maana sana. Ukipenda wimbo mmoja wa mwimbaji, mara nyingi ilibidi ununue albamu yake nzima, kwa hiyo CD moja yenye waimbaji kumi na kitu ilikuwa nafuu ya kweli kwa mfuko. Leo nafuu hiyo imekwisha. Nyimbo zipo, toleo ni lilelile, na mpangilio si wa kukufanya usikie kitu ambacho hukukisikia kabla. Kama uliishi na mojawapo ya CD hizo ukiwa kijana, itafute, nani atakukataza. Kama hukuishi nayo, huna unachokosa ambacho orodha yako mwenyewe haiwezi kukupa.

Tatu zilizobaki ndizo zinazochuana.

Usiku mmoja ukumbini

VH1 Divas Live ilirekodiwa tarehe 14 Aprili 1998 katika ukumbi wa Beacon Theatre, New York. Kituo cha televisheni cha VH1 kilikuwa kinachangisha fedha kwa ajili ya mfuko wake wa kusaidia masomo ya muziki katika shule za umma za Marekani, kikawaita Aretha Franklin, Mariah Carey, Celine Dion, Gloria Estefan na Shania Twain, pamoja na mtunzi na mwimbaji Carole King kama mgeni wa heshima. Hebu fikiria mwaka wenyewe. Filamu ya Titanic ilikuwa bado inajaza kumbi za sinema, na wimbo wake wa Celine hukwepi popote. Shania alikuwa anatoka kwenye country na kuingia pop kwa kishindo. Mariah alikuwa na albamu yake Butterfly mkononi. Kuwapata wote hao jukwaa moja ilikuwa kazi ya kituo cha televisheni chenye pesa na ushawishi, na hapo ndipo albamu hii inapojibu swali langu: hukuwahi, na hutaweza, kukusanya kitu hiki wewe mwenyewe, kwa sababu hakipo kwingine.

Lakini si albamu nzima iliyo hivyo. Sehemu kubwa ni kila mmoja na zamu yake. Gloria anapanda na nyimbo zake, Shania na zake, Celine anachukua River Deep, Mountain High, wimbo wa Ike na Tina Turner wa mwaka 1966, anaupiga kwa nguvu zote. Ni burudani nzuri. Tatizo ni kwamba matoleo ya studio ya nyimbo nyingi kati ya hizo ni safi zaidi, na ukiondoa picha za televisheni unabaki na makofi mengi. Asiyependa kelele za ukumbi ajue mapema.

Thamani yenyewe iko pale wanapokutana. Mariah na Aretha wanaimba Chain of Fools pamoja. Mariah amesimulia kwamba hawakupata mazoezi ya maana, kwa sababu Aretha alikuta kiyoyozi kimewashwa na hakuwa mtu wa kuihatarisha sauti yake kwa kiyoyozi. Ukilijua hilo unausikiliza wimbo kwa masikio mengine: Mariah, ambaye kwa kawaida hamfuati mtu nyuma, anamsubiri mkubwa wake amalize, anaingia kwa adabu, anatoka. Carole King na Celine wanaimba The Reason, ambao King alishiriki kuutunga kwa ajili ya albamu ya Celine ya mwaka 1997. Mtunzi na mwimbaji bega kwa bega, na unasikia kabisa nani amezoea kuuzungumza wimbo na nani amezoea kuupaza.

Kisha inakuja A Natural Woman. Wimbo huu King aliutunga na mtunzi mwenzake Gerry Goffin baada ya mtayarishaji Jerry Wexler kuwapa wazo la jina, Aretha akaurekodi mwaka 1967, na King mwenyewe akauimba upya mwaka 1971 katika albamu yake Tapestry. Sasa wote wawili wako jukwaani, na waliobaki pamoja nao. Beti zinaanza kwa kugawana, kistaarabu. Halafu Aretha anaachana na maneno yaliyoandikwa, anaanza kuhubiri, na Celine anakataa kukaa pembeni. Kila Aretha akipanda, Celine anapanda. Wapo wanaosema Celine alivuka mipaka pale. Mimi naona alifanya jambo pekee ambalo lingefanya dakika zile zisiwe za heshima tupu. Wenzao wanajirudisha nyuma taratibu, wanabaki kuitikia. Mwisho wa yote ni Aretha ndiye aliyefunika, na Testimony, wimbo wa kanisani aliouongoza, unakata mzizi wa fitina kwa yeyote ambaye alikuwa bado ana shaka.

Kiangazi kizima barabarani

Lilith Fair ni habari nyingine kabisa, ingawa ilitoka mwaka uleule, ni ya jukwaani vilevile, na nayo ilihusiana na uchangishaji. Sarah McLachlan, mwimbaji wa Canada, alichoka kuambiwa na mapromota kwamba ukiweka wanawake wawili kwenye bango moja tiketi haziuziki. Vituo vya redio navyo vilikuwa na tabia ya kutopiga nyimbo za wanawake wawili zikifuatana. Jibu lake lilikuwa tamasha la kuzunguka lenye wanawake tu, au bendi zinazoongozwa na wanawake, kuanzia kiangazi cha 1997. Likawa miongoni mwa matamasha ya kuzunguka yaliyoingiza fedha nyingi zaidi mwaka ule. Dola moja ya kila tiketi ilikwenda kwa mashirika ya hisani ya mahali walipopiga, na hadi ziara ya 1999 inakwisha zilikuwa zimechangwa zaidi ya dola milioni 10.

Kwa hiyo albamu hii ya CD mbili, iliyorekodiwa katika ziara ile ya kwanza, ina hoja ndani ya mpangilio wake. Kuweka sauti ya mwanamke baada ya sauti ya mwanamke, wimbo baada ya wimbo, ndicho hasa walichoambiwa hakiwezekani. Ukiisikiliza kwa mfululizo huchoki, na hapo hoja imejithibitisha yenyewe.

Onyo la mapema kwa mnunuzi: vibao vikubwa vingi havimo. Joan Osborne yupo, lakini anaimba Ladder, usimtafutie One of Us. The Cardigans wapo bila Lovefool. Paula Cole anaimba Mississippi, si ule wimbo wa wapanda farasi uliokuwa unapigwa kila saa mwaka 1997. Wengine wakiona orodha hiyo hukasirika na kuirudisha CD kwenye rafu. Mimi naona ndiyo nguvu yake. Anayekusanya kwa pupa huanza na kibao, lakini hapa wasanii wameachiwa waonyeshe wimbo wanaoupenda wenyewe kuimba mbele ya watu, na mara nyingi ule ndio wimbo bora. Osborne katika Ladder ana ukwaruzo wa blues kooni ambao kibao chake kilichotamba hakikuwahi kumpa nafasi ya kuutoa.

Dakika za kuiweka masikioni kwa makini ni The Water Is Wide, wimbo wa kale wa Visiwa vya Uingereza ambao haujulikani nani aliutunga. Wanaimba McLachlan, Jewel, na Indigo Girls, yaani Amy Ray na Emily Saliers. Sauti nne na gitaa. Hakuna anayejaribu kumzidi mwenzake. Sauti nyembamba ya Jewel inakaa juu, ile nzito ya Amy Ray inabeba chini, na zinapokutana kwenye ubeti wa pamoja huwezi tena kuzitenganisha. Ukitoka hapo ukaenda kwenye A Natural Woman ya Divas Live, utaelewa tofauti ya albamu hizi mbili kwa dakika kumi kuliko kwa makala nzima: kule wanashindana, huku wanaachiana nafasi.

Kasoro yake nayo ipo wazi. Ziara ya 1997 ilielemea upande mmoja, wanawake weupe wenye gitaa na mashairi ya faragha, na ilikosolewa kwa hilo. Mwaka uliofuata waliingia Erykah Badu, Missy Elliott na Queen Latifah, lakini albamu hii ni ya ziara ya kwanza, kwa hiyo inasikika kama ziara ya kwanza. Anayekuokoa na ule usawa wa rangi moja ni Lhasa de Sela, aliyekulia kati ya Mexico na Marekani na kuhamia Montreal, ambaye anaimba kwa Kihispania na kubadilisha hewa yote ya chumba. Matoleo ya pili na ya tatu yalitoka mwaka 1999. Ukitaka moja tu, anza na hili la kwanza.

Kasha la kofia

Sasa One Kiss. Rhino walikuja na nyimbo 120 katika CD nne, wakazitia ndani ya kasha la duara kama la kuhifadhia kofia za kina mama wa zamani, na kila CD ndani ya kifuko kilichotengenezwa kama kikasha cha poda chenye kioo. Ukiona picha yake utadhani ni utani. Ndani, hata hivyo, ni kazi ya watu waliochimba kwa miaka.

Makundi ya wasichana ya miaka ya sitini ndiyo yaliyoiweka pop ya kisasa kwenye reli. The Shirelles walikuwa kundi la kwanza la wasichana weusi kushika namba moja kwenye chati ya Marekani, mwanzoni mwa 1961, kwa wimbo uliotungwa na Goffin na Carole King, huyuhuyu tuliyemwacha jukwaani Beacon. The Beatles walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1963 waliimba humo nyimbo mbili za The Shirelles na moja ya The Cookies. Lakini vibao vikubwa vya enzi ile vimekusanywa mara nyingi mno. Waandaaji wa One Kiss wakaamua kwenda kwingine: zile nyimbo zilizotoka, zikapigwa wiki mbili au zisipigwe kabisa, zikapotelea maghalani. Be My Baby haimo. Humo utakuta msichana ambaye hujawahi kusikia jina lake akiimba kana kwamba kesho haipo.

Mfano wangu wa kila mara ni The Tammys na Egyptian Shumba. Unaanza kama wimbo wowote wa kucheza wa 1963, kibwagizo kinafika, na wasichana watatu wanaanza kupiga mayowe ya mwitu, si kwa madaha, ni mayowe hasa, kisha wanarudi kwenye ubeti kama hakuna kilichotokea. Nani aliruhusu hilo litoke? Pia wamo watu ambao baadaye tuliwajua kwa sura nyingine. Dolly Parton akiwa bado binti anatafuta mlango, na Don't Drop Out, wimbo wa kumsihi kijana asiache shule. Cher katika Dream Baby kabla dunia haijamjua vizuri. Toni Basil, ambaye Mickey yake ilishika namba moja Marekani mwaka 1982, akilalamika mwaka 1966 katika I'm 28 kwamba umri umeshampita. Hizi ndizo kazi za mkusanyaji. Ningeweza mimi kukaa na simu yangu hadi alfajiri na nisiufikie hata mmoja, maana mtu hutafuta anachokijua jina.

Gharama yake ni subira. Nyimbo 120 hata zikiwa fupi ni kama saa tano, na sauti ya enzi ile inafanana: tarumbeta, vinanda vya nyuzi, makofi ya mikono, sauti za kuitikia, mvulana mkorofi, mama asiyemtaka. Nyimbo nyingi zilichanganywa kwa ajili ya redio ndogo na santuri ndogo, kwa hiyo zinabana masikioni ukizisikiliza kwa spika za leo. Sikiliza nusu CD kwa wakati, si zaidi. Na kama hujawahi kuyasikia makundi ya wasichana kabisa, usianzie hapa. Rhino haohao mwaka 1990 walitoa The Best of the Girl Groups, juzuu mbili zinazouzwa mbalimbali, zenye vibao vyenyewe. Pitia hizo kwanza, ndipo utakapojua One Kiss inakupeleka wapi.

Nani aliandika?

Kipimo kimoja watu hukisahau wakichagua albamu ya wanawake ni kalamu. Lilith Fair inashinda hapa bila kutoka jasho: wengi waliomo wanaimba walichokitunga wenyewe, na maneno yanasikika yana mwenyewe. Divas Live ni mchanganyiko, huku Carole King akiwa ndiye mtunzi mkuu wa usiku ule hata anapokuwa hana kipaza sauti. Katika One Kiss waimbaji mara nyingi walikuwa wasichana wa shule walioletewa wimbo na kuonyeshwa pa kusimama, na malipo yao yalikuwa ya kusikitisha. Lakini soma majina ya watunzi wa enzi ile: King, Ellie Greenwich, Cynthia Weil. Wanawake walikuwa nyuma ya piano pia, ila jina la kwenye lebo halikuwa lao. Greenwich, kwa mfano, ni mmoja wa walioandika River Deep, Mountain High ambao Celine anaupaza kule New York miaka 32 baadaye.

Basi nichague ipi?

Kwa mtu anayetaka CD moja, isiyo na maelezo, ya kuiweka sebuleni watu wa rika zote wakaitikia, chukua Divas Live. Vumilia makofi, na ukiona zamu za mmoja mmoja zinakuchosha, ruka hadi wanapokutana. Kama unaweza kupata video yake, chukua video. Jicho la Aretha kwa wenzake lina maana kama sauti yake.

Kwa anayesikiliza peke yake, kwenye visikizi, anayependa maneno kuliko nguvu ya koo, ni Lilith Fair. Hii ndiyo ningempa pia kijana anayejifunza gitaa na kuandika nyimbo, kwa sababu nyingi ya nyimbo zake zinasimama na ala mbili tatu tu, na unasikia zilivyojengwa.

Kwa aliyekwisha kushiba vibao, anayedhani pop ya wanawake ameimaliza, One Kiss. Kati ya nne hizi ndiyo ninayoiweka juu, na sipepesi macho: ndiyo pekee ambayo mkusanyaji akiondoka, muziki wenyewe unapotea tena. Divas Live ingebaki kama kipindi cha televisheni, nyimbo za Lilith Fair zina matoleo ya studio. Egyptian Shumba bila mtu wa kuichimbua ingebaki ghalani.

Jambo la mwisho ni la upatikanaji, na linabadilisha uamuzi kuliko watu wanavyodhani. Albamu za mkusanyiko zina haki za lebo nyingi kwa wakati mmoja, na makubaliano hayo huisha. Kwenye majukwaa ya mtandaoni unaweza kuikuta albamu ina nyimbo zilizofifia zisizobonyezeka, au isiwepo kabisa leo ilhali jana ilikuwepo. Ukipenda yoyote kati ya tatu hizi, tafuta CD, hata iliyotumika. Divas Live na Lilith Fair zilitengenezwa kwa wingi na hazipaswi kukugharimu sana. One Kiss ni nadra zaidi, na bei hupanda kama kasha na vifuko vyote vimo. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya CD zote nne na kijitabu, maana kasha la duara tupu ni pambo tu, na watu huliuza.